Waya wa laki tisa na ushahidi wa masikio yangu

NAANDIKA makala hii nikiwa mtu aliyetoa ushahidi usio wa kweli bila ya kukusudia kusema uongo. Ndugu msomaji, ukiona maneno hayo yanagongana, nakuomba uwe na subira. Hata mimi yalinichukua muda kuyafahamu.

Msikiti wetu uko Tunguu, Wilaya ya Kati, kiasi cha maili kumi na mbili kutoka mjini Unguja. Wazee wetu waliijua Tunguu kuwa ni shamba. Leo ina vyuo vikuu viwili, Chuo Kikuu cha Zanzibar na kile cha Taifa, SUZA, na kila mwezi unaona msingi mpya wa nyumba ya mtu aliyehama mjini. Siku ya Ijumaa msikiti unajaa mpaka barazani, na kwa muda mrefu malalamiko yalikuwa ni yale yale: walio nyuma, na wanawake walio upande wao nyuma ya ukuta, khutba haiwafikii. Sauti wanaisikia, maneno hawayapati.

Kamati ya msikiti, ambayo mimi ni katibu wake, ikaanza kuchangisha. Duka moja la mjini ambalo sitalitaja lilitwambia kuwa mashine yetu haina ubaya na spika zetu hazina ubaya. Ubaya ni waya. Tukatolewa waya mnene kama kidole gumba, umevishwa kitambaa cha kusukwa, ncha zake zimepakwa dhahabu, na ubavuni umechorwa mshale wa kuonyesha upande ambao sauti inapita. Vipande viwili, kila kimoja mita kumi. Bei yake shilingi laki tisa.

Kijana wa duka alikuja mwenyewe baada ya Alasiri. Akatuwekea kisomo kilichorekodiwa, kwanza kwa waya wetu wa zamani, kisha akafunga ule mpya. Wallahi nilisikia tofauti. Sauti ilikuwa karibu zaidi, safi zaidi, herufi zimetengana kama shanga. Imamu wetu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ijumaa iliyofuata nikasimama baada ya Sala, nikasema: "Ndugu zangu, mimi nimesikia kwa masikio yangu haya mawili. Tofauti ni ya usiku na mchana." Tulikuwa tumepungukiwa na laki mbili. Zikapatikana siku ile ile. Bibi mmoja anayeuza muhogo wa kuchoma karibu na kituo cha daladala alimtuma mjukuu wake na shilingi elfu ishirini, noti za elfu mbili mbili zilizokunjwa.

Waya ukafungwa, na duka likalipwa. Na walio nyuma wakaendelea kulalamika kuwa maneno hawayapati.

Hapo ndipo alipokuja mzee mmoja, fundi redio wa zamani wa Mchangani, ambaye siku hizi anakaa kwa mwanawe huku kwetu. Aliuangalia ule waya, akauliza bei, akanyamaza. Kisha akaniambia: "Maalim, mie sibishani na sikio la mtu. Lakini nnakuomba kitu kimoja. Sikia tena, mara hii usione."

Nilichukia kidogo, sitaficha. Mtu mzima nimesikia, nimesema mbele ya watu, leo naambiwa nifanye mtihani. Nikakubali kwa kutaka kumnyamazisha.

Mzee akaja usiku na mwanafunzi mmoja wa chuo mwenye mita ya umeme. Wakaweka waya wetu mpya upande mmoja, na upande wa pili waya wa kawaida wa shaba wa milimita mraba 2.5, ule ule wa kufungia umeme majumbani, wa shilingi elfu sitini kwa urefu huo huo. Wakapima mpaka wakahakikisha kuwa nguvu ya sauti ni sawasawa kwa nyaya zote mbili. Mimi na imamu tukakaa tumeipa mashine mgongo. Nyuma yetu kijana alirusha sarafu kila mara ili kujua afunge waya upi, akaandika kwenye karatasi yake, na sisi tukaandika kwenye zetu. Mara kumi. Mzee alisema: "Ukipata tisa, Maalim, nakupa laki moja yangu." Baadaye mwanafunzi alinifafanulia hesabu yake. Mtu anayebahatisha tu hupata tisa au zaidi mara moja katika karibu mia.

Nilipata tano. Imamu alipata sita. Yaani tungelikaa kimya na kurusha sarafu na sisi, tungelipata hayo hayo.

Kilichoniuma hakikuwa idadi. Kilichoniuma ni kwamba katika kila moja ya zile mara kumi nilikuwa na hakika. Niliusikia usafi, nikaandika "mpya", na mara nyingine uliokuwa umefungwa ni ule wa elfu sitini.

Sasa tuseme ukweli wote, kwani si haki kusema kuwa waya hauna maana. Waya una maana, na sisi watu wa Unguja hatuhitaji kufundishwa hilo. Mwaka 2008, mwezi Mei, njia ya umeme unaotoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari iliharibika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Mwaka 2009 mwezi Disemba ikawa tena, na mara hiyo ilikuwa miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Tulibeba madumu ya maji, tukanunua mafuta ya jenereta, samaki wakaoza kwenye mafriji. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulipoanza kazi mwaka 2013, hakuna aliyehitaji kuitwa mkutanoni kuambiwa kuwa tofauti ipo. Jambo lililopo kweli halihitaji uambiwe bei yake ndipo ulione.

Hata katika sauti waya una hesabu yake. Waya wa shaba unapopitisha umeme huwa na ukinzani, na ukinzani huo hufuata mambo matatu: urefu, unene na aina ya madini. Waya wa milimita mraba 2.5 wa mita kumi, kwenda na kurudi, una ukinzani wa kama 0.14 ya omu. Spika yetu ni ya omu 8. Kinachopotea njiani hakifiki sehemu mbili katika mia, na kupungua kwa kiasi hicho sikio la binaadamu halikutambui. Lakini chukua waya mwembamba wa nusu milimita mraba, uuvute mita hamsini mpaka mnarani, kama ilivyofanyika kwenye misikiti mingi. Hapo ukinzani unapita omu 3, na spika hiyo hiyo itapata nusu tu ya nguvu iliyokuwa ikipata. Tofauti hiyo utaisikia hata ukiwa umefumba macho. Dawa yake ni waya mnene zaidi, na unauzwa kwa mita katika duka lolote la vifaa vya umeme.

Fedha inapitisha umeme kuliko shaba kwa sehemu sita tu hivi katika mia, na ukiongeza unene wa shaba kidogo umeshaipata. Dhahabu haipitishi umeme vizuri kuliko shaba. Faida yake ni kuwa haishiki kutu, na katika hewa yetu ya chumvi faida hiyo ni ya kweli, lakini inahitajika kwenye ncha tu, na ncha za aina hiyo si ghali. Waya wa maiki nao unahitaji kinga nzuri, kwa sababu umeme unaopita humo ni mdogo sana, wa sehemu za elfu za volti, na bila ya kinga huokota mvumo wa umeme wa nyumba. Ama ule mshale ulionipendeza, umeme wa sauti hauendi upande mmoja kama maji ya mfereji. Unakwenda na kurudi mamia na maelfu ya mara kwa sekunde moja. Mshale hauna cha kuuonyesha.

Na haya si maneno ya mzee wa Mchangani peke yake. Mwaka 1983 jarida la Marekani liitwalo Stereo Review lilichapisha jaribio la aina hii hii. Wasikilizaji hawakuweza kutenganisha kwa uhakika, katika muziki, waya wa kifahari na waya wa kawaida ulio mnene vya kutosha, ingawa ule mwembamba sana waliweza kuutambua. Mwaka 2007 James Randi, mtu aliyejulikana duniani kwa kufichua hadaa, alitangaza dola milioni moja kwa atakayeweza kutambua kwa sikio tu nyaya za spika zilizokuwa zikiuzwa dola 7,250 kwa futi kumi na mbili. Mwandishi mmoja mashuhuri wa mambo ya sauti alijitokeza, lakini kampuni yenye nyaya ikajitoa, na jaribio halikufanyika. Randi alifunga mlango wa zawadi yake mwaka 2015, na mpaka hapo fedha hizo hakuna aliyezichukua.

Basi mbona siku ile ya kwanza nilisikia? Mzee alinijibu kwa swali: "Kijana wa duka alipofunga waya mpya, kitufe cha sauti kilibaki pale pale?" Sikumbuki. Inajulikana kuwa sauti ikipandishwa kidogo tu, kiasi ambacho mtu hatasema imepanda, atasema imekuwa safi. Sidai kuwa kijana alifanya kwa makusudi. Huenda na yeye alidanganyika kama mimi. Na lipo la pili: nilikwisha kuuona ule waya, nikauzuia mkononi, nikajua bei yake. Macho yalikwisha kuyasimulia masikio nini cha kusikia.

Hapa ndipo swali lenyewe linapoanza. Wapo watakaosema: tatizo liko wapi? Kama mtu amesikia uzuri, uzuri umempata. Alilipa kwa ajili ya furaha, na furaha ameipata. Mbona hatumlaumu anayenunua kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono kwa bei kubwa, ilhali kofia ya kiwandani inafunika kichwa vilevile? Mbona hatumlaumu anayechoma udi wa thamani?

Hoja hiyo ina uzito na nimeifikiri sana. Jibu langu ni hili. Mwenye kuuza kofia ya mkono anauza kazi ya mkono, na kazi ya mkono ipo. Unaweza kuihesabu tundu kwa tundu. Udi una harufu yake, na anayeingia chumbani amefumba macho ataijua. Kama muuza waya angelisema, "Huu ni waya mzuri wa kutazama, umesukwa kwa ustadi, nunua uupambe ukumbi wako," basi biashara yake ni halali na bei ni makubaliano yao. Lakini yeye hakuuza kitambaa. Aliuza sauti, na sauti hiyo haimo katika waya. Anayenunua kwa mali yake na kwa raha yake, shauri yake, ingawa na yeye ataulizwa juu ya israfu. Lakini anayenunua kwa mali ya msikiti hana haki ya kununua raha yake mwenyewe. Mali ile ni amana. Waliotoa hawakutoa ili katibu afurahi. Walitoa ili maneno ya khutba yawafikie.

Sote tunakijua kisa cha Mtume (SAW) na rundo la chakula sokoni. Alitia mkono ndani, vidole vikatoka na umajimaji, akamuuliza mwenyewe kwa nini asiuweke juu watu wakauona, na akatoa onyo kali kwa mwenye kughushi. Siku zote kisa hiki tumekifanya ni cha kumsema muuzaji. Mimi sasa nakisoma na upande wa pili: mkono ulitiwa ndani. Kilichokuwa juu kilikuwa kikavu na kizuri, na angelitokea mtu mwaminifu kabisa akaapa kuwa amekiona kikavu, asingelikuwa amesema uongo. Lakini ushahidi wake usingelifaa kitu, kwa sababu hakutia mkono.

Huyo mtu mwaminifu ndiye mimi. Niliposimama Ijumaa ile sikusema uongo. Nilisema nilichosikia. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba ukweli wa moyo wangu unatosha kuwa ukweli wa jambo lenyewe. Tumefundishwa katika Suratul Israi, aya ya 36, kuwa mtu asifuate asilokuwa na ujuzi nalo, na kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Zamani nilifahamu kuwa masikio yataulizwa kwa kusikiliza ya haramu, kama kusengenya. Sikufikiri kuwa yanaweza kuulizwa pia hivi: "Ulipowaambia watu kuwa umesikia, ulijuaje?"

Na tazama namna uongo unavyosafiri kwa miguu ya watu wakweli. Muuzaji peke yake asingelizipata zile elfu ishirini za bibi. Bibi hamjui muuzaji, na watu wa Tunguu wana hadhari na wauzaji. Ananijua mimi, niliyewasomesha wajukuu zake. Ilihitajika mtu anayeaminika, aliyedanganyika kwa nia safi, ndipo fedha itoke. Tukiambiwa habari na mtu fasiki tunajua wajibu wetu wa kuchunguza. Lakini habari inayoletwa na masikio yetu wenyewe tunaipokea bila ya swali, kisha tunaifikisha kwa wengine ikiwa na muhuri wa majina yetu. Ni mara ngapi tumesifia dawa, biashara ya kuwekeza au mganga kwa maneno haya haya, "mimi mwenyewe nimeona"?

Mwisho wa kisa ni mwepesi kusimulia. Mzee fundi aliuvua ule waya, akafuata njia yote ya sauti hatua kwa hatua. Akakuta maungio ya spika za nyuma yameshika kutu ya kijani. Akayakata, akayasafisha, akayatia lehemu. Akageuza spika mbili zilizokuwa zikipiga ukutani. Akatwambia kuwa adui mkubwa wa maneno ni mwangwi, kwa sababu ukuta mtupu na sakafu ya marumaru zinarudisha sauti kama mpira, neno la kwanza likalifunika la pili. Tukatandika mazulia mpaka nyuma, tukatundika mapazia mazito. Imamu akafundishwa kusema pole pole na kuisogelea maiki. Ukiacha mazulia tuliyopewa, gharama haikufika laki moja na nusu. Wanawake sasa wanasema maneno wanayapata.

Duka lilikubali kuurudisha waya kwa laki saba. Laki mbili zikapotea. Katika kamati palitokea mjadala. Wengine wakasema hasara ni ya msikiti, kwani katibu hakukusudia. Imamu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alisema hanilazimishi kitu. Nami najua kuwa wanavyuoni wamelizungumza kwa urefu suala la shahidi anayerudi katika ushahidi wake baada ya mali ya watu kupotea, na sidai kuwa mimi ndiye wa kulitolea hukumu. Lakini kila nilipoangalia noti za elfu mbili mbili moyo haukutulia. Nimeamua kulipa elfu ishirini kila mwezi. Nimekwisha kulipa miezi sita, imebaki minne.

Na Ijumaa moja nilisimama tena mahali pale pale, nikasema: "Ndugu zangu, niliyowaambia kuhusu waya sikuyasikia. Nilidhani nimeyasikia." Kilikuwa kimya ambacho sijapata kukisikia msikitini. Baada ya Sala nikamfuata bibi kituoni kumrejeshea pesa zake. Alikuwa akigeuza muhogo juu ya makaa. Hakuzipokea. Akaniambia: "Mwanangu, mie sikutoa kwa ajili ya waya, nilitoa nisikie khutba, na sasa naisikia. Lakini siku nyengine usiseme umesikia mpaka uwe umesikia."

Nimejaribu kulipunguza neno hilo nimeshindwa. Simtaki msomaji aache kuyaamini masikio yake, kwani ni neema na kwayo tunasikia adhana. Ninalomwomba ni dogo. Kabla ya kusimama mbele ya watu na kusema "mimi mwenyewe nimesikia", na hasa pale ambapo neno lake litatoa pesa mfukoni mwa mtu mwengine, afanye kwanza kama alivyonifanyia yule mzee wa Mchangani. Afumbe macho, asikie tena, na awepo mtu mwengine wa kuandika.

Wallahu aalam.